Je, Wanorwe wa Dakota walipewa mashamba bure?

Msomaji wetu aliyeko Fargo, North Dakota, mzaliwa wa Uvira, anauliza:

"Mwalimu, shikamoo. Kazini kwetu kuna mzee mmoja mzungu, tunaelewana sana. Kila mara ananiambia babu wa babu yake alitoka Norwe na sanduku moja, hajui neno hata moja la Kiingereza, na serikali ikampa ekari 160. Nikamuuliza, ikampa hivihivi? Akacheka, akasema ndiyo, hivihivi. Mimi niliyekaa kambini miaka 11 nikisubiri karatasi sielewi. Ni kweli walipewa? Walitokaje melini mpaka kufika huku kwenye baridi hii? Na mtu mweusi naye angepata?"

Marahaba, ndugu yangu. Mzee mwenzako hakudanganyi. Kasoro iko kwenye kitenzi tu: anasema "walipewa". Nitakifuata kitenzi hicho hatua kwa hatua, na kila kinapokwama tutasimama kidogo.

Sheria anayoizungumzia, iliyoitwa Homestead Act, ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mtu aliyetimiza miaka 21, au mkuu wa kaya hata kama hajafikisha umri huo, ambaye hakuwahi kushika silaha dhidi ya Marekani, aliweza kuchagua ekari 160 za ardhi ya serikali, kama hekta 65 hivi, na kuziandikisha kwenye ofisi ya ardhi. Akae hapo miaka 5, alime, kisha arudi ofisini na mashahidi 2 wa kuapa kwamba kweli amekaa na kweli amelima. Hapo ndipo alipopata hati miliki. Ada zote, za kuanzia na za kumalizia, zilikuwa dola 18. Asiyetaka kungoja miaka 5 aliweza kukaa miezi 6 kisha akalipa bei ya kawaida ya serikali, dola 1.25 kwa ekari, yaani dola 200, akapewa hati yake. Mwanamke asiye na mume, na mjane pia, waliruhusiwa kujiandikishia kwa jina lao wenyewe. Mke wa mtu hakuruhusiwa.

Sasa sehemu itakayokuuma. Sheria haikumtaka mtu awe raia tayari. Ilitosha awe ametangaza nia ya kuwa raia, na tangazo hilo alilitoa kwa kiapo mbele ya karani wa mahakama yoyote aliyoikuta njiani. Waliiita "karatasi ya kwanza". Hakukuwa na viza, wala mahojiano, wala kurudishwa foleni kwa sababu jina halikuandikwa kama lilivyoandikwa mwanzo. Mtu angeshuka melini Jumatatu, akaapa Jumanne, na Jumatano akawa garimoshini kuelekea magharibi. Wewe na miaka yako 11 una kila haki ya kukunja uso. Ila mlango huo ulikuwa na bawabu, na huyo nitamrudia.

Kwa hiyo dola 18 kwa ekari 160: ni bure, au karibu na bure? Kwa bei ya ardhi, ndiyo. Lakini kilichoandikishwa kilikuwa mbuga tupu. Hakuna kisima, hakuna uzio, hakuna paa, na huko Dakota mara nyingi hakuna hata mti wa kukatia kuni. Mtu alihitaji maksai wawili na nira yao, gari la kukokotwa, plau ya chuma, mbegu, ng'ombe wa maziwa, na chakula cha mwaka mzima kabla ya mavuno ya kwanza. Makadirio ya kawaida ya kuanzisha shamba la namna hiyo ni dola 500 hadi 1,000, wakati kibarua alikuwa akipata kama dola 1 kwa siku. Mtu mwenye sanduku moja angezitoa wapi?

Hapa lazima turudi Norwe. Nchi ile ni milima na bahari. Ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu. Watu wake walikuwa wakiongezeka upesi, kutoka chini ya 900,000 mwaka 1801 hadi milioni 1.7 mwaka 1865. Shamba la ukoo lilikwenda kwa kifungua mimba. Wadogo zake wakabaki kuwa watumishi, au wale walioitwa "husmann": mtu anayejenga kibanda kwenye shamba la mtu mwingine na kulipia kwa siku za kazi. Watu wa Kenya wangemwita skwota na kuelewana mara moja.

Kundi la kwanza lililojipanga kuhama liliondoka Stavanger tarehe 4 Julai 1825 kwa jahazi dogo lililoitwa Restauration. Walikuwa watu 52, wakafika New York mwezi Oktoba wakiwa 53, kwa sababu mtoto mmoja alizaliwa baharini. Miaka 100 iliyofuata, Wanorwe zaidi ya 800,000 waliwafuata. Kati ya nchi za Ulaya, Ireland pekee ndiyo iliyotoa watu wengi kuliko Norwe ukipima kwa idadi ya wananchi wake.

Lakini hawakuruka kutoka Stavanger hadi Fargo. Walikwenda kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Wale wa 1825 walianza upande wa kaskazini wa jimbo la New York. Mwaka 1834 wengi wao wakahamia Fox River, Illinois. Kufikia miaka ya 1840, wageni wapya walikuwa wakielekea Wisconsin, sehemu kama Muskego na Koshkonong. Wisconsin ilipojaa, wakaenda Minnesota na kaskazini mwa Iowa. Na Minnesota ilipoanza kubana, watoto wa waliofika Wisconsin, pamoja na binamu zao waliotoka Norwe juzi, wakavuka Mto Red kuingia Dakota. Kila jiwe lilikuwa na mtu wa nyumbani amesimama juu yake, mwenye jiko na lugha yako, na anayemjua mwenye kazi ya kutoa. Mgeni alifikia kwa shemeji, akavuna shamba la shemeji, akaenda kukata magogo misituni wakati wa baridi au kutandika reli wakati wa joto, akaweka akiba, akanunua maksai. Dola 500 zilitoka huko, na zilichukua miaka kadhaa. Hata tiketi ya meli mara nyingi ilikuwa imeshalipwa na ndugu aliyetangulia.

Nikupe familia moja halisi, kwa kuwa barua zake zimehifadhiwa. Gro Svendsen alizaliwa mwaka 1841 katika bonde la Hallingdal. Alikuwa msichana aliyesoma, mwenye mwandiko mzuri. Aliolewa na Ole, na mwaka 1862 wakapanda meli. Zama hizo Wanorwe wengi walisafiri kwa meli za matanga hadi Quebec nchini Kanada, wiki nyingi baharini, abiria wakibeba chakula chao wenyewe. Meli ilipeleka watu na kurudi na mbao. Kutoka Quebec walikwenda kwa stima na garimoshi kupitia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Gro na Ole hawakuchukua shamba mara moja. Walifikia kwanza kwa Wanorwe wenzao, St. Ansgar, Iowa. Mwaka 1863 wakasogea tena magharibi hadi kaunti ya Emmet, karibu na Estherville, na hapo ndipo walipoandikisha shamba.

Hawajatulia vizuri, Ole akaandikishwa jeshini kwa lazima. Karatasi ya kwanza ilifungua mlango wa ardhi, na mlango uleule ukaingiza vita. Gro akabaki na watoto wadogo mbugani mpaka mumewe aliporudi mwaka 1865. Kisha ikaja miaka ya nzige. Na mwaka 1878 Gro akafariki, baada ya kumzaa mtoto wake wa 10, akiwa na miaka 37 hivi. Ole na watoto wakafunga mizigo wakaenda Dakota. Ukitafuta mfano wa neno "walipewa", barua za mama yule zitakusumbua sana.

Nzige wenyewe hawakuwa jambo dogo. Kati ya 1873 na 1877 nzige wa Milima ya Rocky waliteremka juu ya Minnesota, Iowa, Dakota, Nebraska na Kansas. Walioyaona makundi ya nzige Kenya na Ethiopia mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa sauti yake. Walikula ngano, wakala vitunguu hadi mzizi ukabaki shimo, wakatafuna ngozi za lijamu na nguo zilizoanikwa. Ubaya wao mkubwa ulikuwa mayai: waliyataga udongoni, na masika iliyofuata shamba lilizaa nzige kabla ya kuzaa ngano. Gavana wa Minnesota, John Pillsbury, alitangaza tarehe 26 Aprili 1877 iwe siku ya maombi, na mwaka huo nzige wakaondoka. Kinachoshangaza ni kwamba aina ile ilitoweka kabisa duniani; wa mwisho kuonekana hai alikuwa mwaka 1902. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba wakulima na mifugo yao waliyavuruga mabonde ya milimani walikokuwa wakitaga. Waliwaua bila kujua kwamba wanawaua.

Umeuliza kuhusu baridi. Wao pia iliwashangaza, ingawa walitoka Norwe, kwa sababu baridi ya kwao ni ya nchi yenye bahari kando na milima ya kukinga upepo, na huku ni uwanda usio na kizuizi. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilianza kwa joto la ajabu. Watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Dhoruba ikaanguka wakiwa darasani au njiani kurudi nyumbani, theluji laini kama unga, mtu asiweze kuona mkono wake mwenyewe. Waliokufa wanakadiriwa kufika 235, wengi wao watoto. Wengine waliokotwa hatua chache kutoka mlangoni. Ndiyo maana utasikia wazee wa huko wakisimulia habari ya kamba iliyofungwa kutoka nyumbani hadi zizini.

Nyumba ya kwanza ilitegemea mahali. Kando ya mito palikuwa na miti, wakajenga kwa magogo. Mbali na mito walijenga kwa mbuga yenyewe. Plau ilikata tabaka la juu la udongo lililoshonwa na mizizi ya nyasi, likakatwa vipande kama matofali marefu, yakapangwa nyasi ikitazama chini. Ukuta ulikuwa na unene wa sentimita 60 au zaidi. Nyumba hiyo ilikuwa ya joto wakati wa baridi na ya ubaridi wakati wa joto, kama ilivyo nyumba yoyote ya udongo iliyojengwa kwa akili. Mvua ikinyesha siku 1 nje, ndani inanyesha siku 2. Nyoka walishuka darini. Moto uliwashwa kwa kinyesi kikavu cha nyati wa Marekani, na kilipokwisha, kwa nyasi zilizosokotwa kama kamba nene, kazi iliyomtaka mtu mmoja akae akisokota kutwa nzima. Baadaye reli ilipoleta mbao, wengi walianza kwa kibanda cha mbao kilichovikwa karatasi ya lami. Sikiliza, mtu akikuambia kibanda cha karatasi ya lami kilikuwa afadhali kuliko cha udongo, hajawahi kulala kwenye chochote kati ya hivyo viwili.

Shamba lenyewe lilifunguliwa polepole. Mizizi ya mbuga ilikuwa imefumana kwa karne nyingi, na maksai wawili wenye nguvu wangevunja kama ekari 1 kwa siku. Mwaka wa kwanza familia ilivunja ekari chache tu, ikapanda viazi au mahindi juu ya mabonge yaleyale. Ngano ilikuja mwaka wa pili. Na ngano ile ya Dakota, ngumu, ya kupandwa masika, ilikuwa haina soko zuri hadi vinu vya Minneapolis vilipobadilisha mashine katika miaka ya 1870 na kuanza kusaga kwa magurudumu ya chuma. Sheria ya Lincoln peke yake isingejaza Dakota. Kinu kile kikichangia, pamoja na reli, ndipo wakaja kwa wingi kati ya 1878 na 1887.

Wewe unayetoka kando ya Ziwa Tanganyika utaipenda hii: mwezi Novemba 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na mwezi uliofuata reli ya Northern Pacific ikafika Mto Red, hapo Moorhead ng'ambo yako. Mwaka 1872 ikavuka hadi Fargo. Serikali iliilipa kampuni ya reli kwa ardhi: nchi ilikuwa imepimwa katika miraba ya maili 1 kwa maili 1, miraba 36 kwa kila kitongoji. Kando ya njia ya reli, miraba yenye namba witiri ilikwenda kwa kampuni, na yenye namba shufwa ikabaki kwa serikali. Mraba wa 16 na wa 36 ilitengwa kwa ajili ya shule. Ekari 160 za mzee wako ni robo ya mraba mmoja. Toka nje ya mji kwa gari siku moja, utaona barabara ya changarawe kila baada ya maili, zimenyooka kama daftari la hesabu. Unaendesha juu ya mistari ya wapima ardhi.

Sasa ule mkwamo mkubwa wa kitenzi: ili mtu apewe, lazima kuwe na mwenye nacho. Mwaka 1851 Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walitia saini mikataba miwili na kuachia karibu kusini yote ya Minnesota, kwa malipo ya kila mwaka. Mwezi Agosti 1862 malipo yamechelewa, watu wana njaa, vita vikalipuka. Mamia ya walowezi waliuawa, Wanorwe wakiwamo. Tarehe 26 Desemba 1862 serikali iliwanyonga wanaume 38 wa Kidakota kwa pamoja mjini Mankato. Siku 6 baadaye, tarehe 1 Januari 1863, sheria ya mashamba ya bure ikaanza kufanya kazi. Mwaka huohuo Wadakota wakafukuzwa Minnesota. Hapo Fargo penyewe, walowezi wa kwanza walikaa juu ya ardhi ambayo Wadakota wa Sisseton na Wahpeton walikuwa hawajaiachia. Makubaliano ya kuiachia yalifuata mwaka 1872, kwa dola 800,000 zilizogawanywa miaka 10. Baadaye, sheria ya mwaka 1887 ikaanza kuzikata hata hifadhi zao, yaani maeneo waliyotengewa kuishi, vipande vipande, na kilichoitwa "ziada" kikafunguliwa kwa walowezi. Ardhi iliyobaki mikononi mwa wenyeji Marekani nzima ilishuka kutoka ekari milioni 138 hivi hadi milioni 48 kufikia 1934. Kwenye hifadhi ya Spirit Lake, si mbali sana na ulipo, Wanorwe walichukua mashamba ndani ya hifadhi tangu 1904, Mnorwe na Mdakota wakawa majirani wa mpaka mmoja.

Je, Mnorwe maskini alijua haya? Wengine walijua vizuri, wengine walijizoeza kutojua. Mtu aliyekimbia uskwota akaambiwa "hii ni yako" huwa haulizi sana ilikuwa ya nani. Nasema hivi bila kumhukumu babu wa mwenzako. Ndivyo watu walivyo na ndivyo serikali inavyowatumia.

Na mtu mweusi? Kwa maandishi ya sheria, ndiyo. Waliokuwa watumwa walipopata uraia baada ya vita, waliweza kuandikisha shamba kama mtu mwingine. Mwaka 1877 familia nyeusi kutoka Kentucky zilianzisha mji wa Nicodemus, Kansas, wakalala mashimoni walikochimba kwenye vilima majira ya baridi ya kwanza. Mji ukakua, kisha mwaka 1888 reli ikapita kando, na wafanyabiashara wakahamia kuifuata. Oscar Micheaux, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji filamu mweusi mashuhuri, alilima Gregory, South Dakota, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini rudi kwenye dola 500 na mawe ya kuvukia mto. Mtu aliyetoka utumwani bila senti, bila shemeji aliyetangulia Wisconsin, angezipata wapi? Waliofanikiwa walikuwa maelfu tu, ukilinganisha na hati milioni 1.6 zilizotolewa kwa jumla, kwa ekari milioni 270, sehemu 1 ya 10 ya nchi nzima.

Bawabu niliyemtaja ni huyu: tangu 1790 ni "mzungu huru" pekee aliyeruhusiwa kuomba uraia, na bila nia ya uraia, mgeni hakuwa na shamba. Mwaka 1870 Bunge liliongeza watu wenye asili ya Afrika, wa kuzaliwa Afrika wakitajwa waziwazi. Kwa karatasi, basi, mtu wa Uvira angepita mlangoni mwaka 1871. Mchina aliyejenga reli ya kwenda California hakuruhusiwa. Na wenyeji wa nchi yenyewe, Wadakota na wengineo, uraia haukuwafikia wote hadi 1924.

Mwambie mzee wako jambo moja la kufanya, mlifanye pamoja. Hati za mashamba zinatafutika bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, kwa jina au kwa kaunti. Mkishaipata hati, andikeni namba yake, kisha muagize faili kamili kutoka Nyaraka za Taifa. Msipoiona hati yenye jina lake, angalieni namba ya mraba wa shamba. Ikiwa ni witiri na iko karibu na reli, yawezekana sana babu alinunua kutoka kampuni ya reli na hakupewa na serikali hata kidogo. Mkiipata hati na faili lake, ndani yake huenda mkakuta nakala ya karatasi yake ya kwanza, na maswali aliyoulizwa siku ya kuthibitisha: nyumba ina ukubwa gani na ina thamani gani, amevunja ekari ngapi, ana ng'ombe wangapi, aliondoka mara ngapi na kwa sababu gani. Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni kwamba alikwenda kutafuta vibarua, na mkewe akabaki shambani ili lisihesabiwe kuwa limetelekezwa, maana kutokuwepo zaidi ya miezi 6 kulitosha kulipoteza. Angalieni pia tahajia ya jina. Wanorwe walitumia jina la baba pamoja na jina la shamba walikotoka, na karani wa Marekani aliandika alichosikia. Yawezekana mtalikuta limeandikwa kwa namna tatu ndani ya faili moja, jambo ambalo wewe, nadhani, utamweleza mzee kuliko mimi.